Kupanga dozi ya umeme katika ECT: pima kizingiti kwanza, kisha tibu

Mwaka 1993 mtafiti Harold Sackeim na wenzake huko New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 96 wa sonona waliotibiwa kwa ECT, yaani kumlaza mgonjwa usingizi na kupitisha umeme kidogo kichwani ili ubongo upate degedege. Wote walipata degedege la muda uliohesabika kuwa wa kutosha. Lakini kati ya wale waliowekewa elektrodi upande wa kulia tu, kwa umeme uliopita kidogo kizingiti, yaani kiwango cha chini kabisa cha kuleta degedege, waliopata nafuu walikuwa 17 katika kila 100. Waliowekewa kwenye panja zote mbili, kwa kiwango kidogo vilevile, walifika 65 katika kila 100. Mwaka 2000 timu hiyo ikaleta sehemu ya pili ya jibu: umeme wa upande wa kulia ukipandishwa hadi mara 6 ya kiwango cha chini cha mgonjwa mwenyewe, nafuu inalingana na ya panja zote mbili, na kumbukumbu haiumii kiasi kile.

Hapo ndipo lilipovunjika fundisho la zamani kwamba degedege likitokea kazi imekwisha. Mgonjwa anaweza kutikisika vizuri mbele ya macho yenu vikao 8, akarudi nyumbani na huzuni yake ileile. Mwingine anapewa umeme mwingi kuliko anaouhitaji: sonona inaondoka, na kumbukumbu ya harusi ya binti yake inaondoka nayo. Wote wawili wamekoseshwa na kitu kimoja, nacho ni kwamba hakuna aliyepima.

Mwongozo huu ni wa daktari wa afya ya akili, muuguzi na mtaalamu wa usingizi wanaofanya kazi pamoja, wenye mashine ya mapigo mafupi na mafunzo ya kuitumia. Hauchukui nafasi ya itifaki ya hospitali yenu wala ya kitabu cha mashine yenu.

Tunapima nini

Dozi hupimwa kwa chaji, na kipimo chake ni milikulombi, yaani mC. Mashine za kisasa hutoa mkondo usiobadilika, kwa kawaida ampea 0.8 au 0.9, uliokatwakatwa vipande vidogo tunavyoviita mapigo. Mapigo huja kwa jozi, moja chanya, moja hasi. Ukijua mkondo, upana wa pigo, idadi ya jozi kwa sekunde na muda wa kupitisha umeme, unazidisha tu:

chaji (mC) = ampea × milisekunde za pigo × jozi kwa sekunde × 2 × sekunde

Chukua ampea 0.9, pigo la milisekunde 0.5, jozi 70 kwa sekunde, kwa sekunde 8. Unapata 504 mC. Hicho ndicho kiwango ambacho kwenye mashine za Thymatron kimeandikwa asilimia 100. Asilimia 5 basi ni kama 25 mC, na asilimia 10 ni kama 50. Mashine za MECTA zina mpangilio wao mwingine. Kwa hiyo mgonjwa akihamishiwa kwenu na barua inayosema alipewa asilimia 30, pigeni simu muulize ni ya mashine ipi na pigo la upana gani, kisha andikeni mC kwenye faili.

Jouli ziacheni. Jouli hutegemea ukinzani wa kichwa, ambao hutofautiana kati ya mtu na mtu, hata kati ya kikao na kikao. Chaji haiyumbishwi na hilo.

Upana wa pigo nao una maana kubwa kuliko unavyodhaniwa. Seli ya neva huhitaji sehemu ndogo tu ya milisekunde ili iwake, na umeme unaoendelea kupita baada ya hapo mwingi wake ni hasara. Pigo la milisekunde 0.5 hadi 1.5 tunaliita fupi, na la karibu 0.3 tunaliita fupi sana. Kwa pigo fupi sana kizingiti hushuka kwa kiasi kikubwa, kusahau hupungua, na kwa baadhi ya wagonjwa nafuu huchelewa kwa vikao kadhaa. Mashine za kale zinazotoa wimbi la umeme kama la ukutani, za ukoo wa ile ya Cerletti na Bini mjini Roma mwaka 1938, hupangwa kwa volti na sekunde. Hesabu za mwongozo huu haziingii humo, na mgonjwa wa leo hastahili mashine hiyo.

Kizingiti cha degedege ni chaji ndogo kabisa inayowasha degedege la ubongo mzima kwa mgonjwa huyu, kwa elektrodi zilizowekwa hivi, asubuhi hii. Mtu na mtu wanaweza kupishana zaidi ya mara 10. Umri hukipandisha, wanaume kwa wastani wanacho cha juu kuliko wanawake, panja zote mbili hudai zaidi kuliko upande wa kulia. Hata ukijua yote hayo, hutakibashiri vizuri kwa kumtazama mtu.

Siku chache kabla

Pitia dawa moja moja. Diazepamu, lorazepamu na klonazepamu hupandisha kizingiti na kulifupisha degedege. Punguza polepole, usikate ghafla. Ikishindikana, kama kwa mgonjwa wa katatonia (aliyeganda, hasemi wala hajisogezi) anayeishi kwa lorazepamu, flumazenili ya mshipa, inayozima kazi ya lorazepamu, muda mfupi kabla ya umeme hufungua njia, na mtaalamu wa usingizi ajue mapema. Valproeti na kabamazepini: kama zilitolewa kwa ajili ya hisia, ruka dozi ya usiku na ya asubuhi ya kikao, kama mgonjwa ana kifafa, usiziondoe, kubali tu kwamba kizingiti kitakuwa juu. Lithiamu inaweza kurefusha degedege na kumwacha mgonjwa amechanganyikiwa, kwa hiyo wengi huishusha au huiruka usiku wa kuamkia kikao. Muulize kila mwenye pumu kuhusu theofilini, maana hiyo inaweza kuleta degedege lisilokatika. Propranololi iandike kwa wino mwekundu. Sababu utaiona mbele.

Kisha nywele. Hili huwezi kulisoma kwenye vitabu vingi vya ng'ambo, na kwetu ndilo linaloharibu vipimo. Elektrodi ya utosini haishiki juu ya rasta, nywele za bandia au mafuta. Mwambie mgonjwa na ndugu zake siku mbili kabla: afumue, aoshe kwa sabuni, asipake mafuta asubuhi hiyo. Mama aliyelipia kusukwa Jumamosi hatafurahi kufumuliwa Jumatatu asubuhi na muuguzi mwenye haraka, na ana haki. Mara nyingi anayesuka anaweza kuacha njia pana pale utosini na kwenye panja, ikatosha kozi nzima.

Ridhaa ichukuliwe kwa maneno anayoyaelewa. Mimi huanza hivi: "Shikamoo mama. Kesho tutakulaza usingizi, na ukiwa umelala tutapitisha umeme kidogo sana kichwani kwa sekunde chache. Siku ya kwanza tunatafuta kiasi kidogo kabisa kinachotosha kichwa chako wewe, si cha mwingine." Swali linalofuata huwa lilelile: "Nitausikia huo umeme, daktari?" Hapana mama, hutausikia, na jibu hilo linawafunga wote chumbani kuhakikisha linabaki kweli. Mweleze pia kuhusu kusahau, bila kulipunguza jambo lenyewe.

Elektrodi kwanza, dozi baadaye

Usitaje dozi kabla hujaamua elektrodi zinakaa wapi, kwa sababu namba ileile ya mC ni dawa mahali pamoja na si kitu mahali pengine.

Upande wa kulia: chora kwa mawazo mstari kutoka pembe ya nje ya jicho hadi kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio. Katikati ya mstari huo panda sentimita 2 hadi 3. Hapo ndipo elektrodi ya kwanza. Ya pili inakaa karibu na utosi, kulia kidogo ya mstari wa kati. Ni mpangilio aliouelekeza mtafiti d'Elia mwaka 1970, na kosa linalorudiwa ni kuishusha hiyo ya utosini kuelekea paji la uso. Elektrodi zikikaribiana, umeme hupita juujuu ya ngozi, hauingii ubongoni.

Panja zote mbili: alama ileile ya kwanza, kulia na kushoto. Paji la uso pande zote mbili: kama sentimita 5 juu ya pembe ya nje ya kila jicho.

Kwa sonona isiyotishia maisha leo, mimi huanza upande wa kulia. Kwa mtu asiyekula wala kunywa, kwa katatonia inayoandamana na homa, kwa anayejaribu kujiua hata akiwa wodini, ninakwenda panja zote mbili, kwa sababu hapo hata umeme uliopita kizingiti kidogo huwa umeshaanza kutibu.

Asubuhi ya kupima

Mgonjwa hajala saa 6 hadi 8, kibofu ni kitupu, meno ya bandia yametolewa, kanula inapitisha vizuri. Sukari ipimwe kwa mwenye kisukari. Mambo yanayofuata yana mpangilio wake, usiupindue.

1. Funga mkanda wa presha kwenye kifundo cha mguu, na kwa elektrodi za upande wa kulia uwe mguu wa kulia. Mguu huo unaongozwa na nusu ya kushoto ya ubongo. Ukitikisika, unajua degedege limevuka likafika upande wa pili. Utaujaza hewa, juu ya presha ya juu ya mgonjwa, baada ya usingizi kuingia na kabla ya dawa ya kulegeza misuli, ili dawa hiyo isiufikie mguu.

2. Toa atropini kwa mshipa. Siku ya kupima si hiari. Umeme ukipita bila kuwasha degedege, neva ya vagasi huuzuia moyo, na hakuna ile mbio ya moyo inayoletwa na degedege kuufidia. Mapigo ya moyo yanaweza kusimama kwa sekunde kadhaa. Kwa anayetumia propranololi au dawa za jamii yake hatari ni kubwa zaidi. Ndiyo maana ya ule wino mwekundu.

3. Usingizi. Propofoli hupandisha kizingiti na kufupisha degedege, na thiopentoni nayo hufanya hivyo kwa kiasi fulani, kwa hiyo toa kiasi kidogo kinachomlaza kweli: propofoli kama miligramu 1 kwa kilo, thiopentoni 2 hadi 4 kwa kilo. Etomideti haisumbui kizingiti. Ketamini, ambayo katika hospitali nyingi za kwetu ndiyo haikosi, nayo haikipandishi, ila presha hupanda, na mwenye moyo mbovu aangaliwe kwa makini.

4. Suksametoni, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo. Subiri mitetemo midogo ya misuli ishuke hadi vidoleni mwa mguu usiofungwa na iishe. Mgonjwa wa katatonia aliyelala kitandani wiki nyingi bila kujisogeza ana hatari ya potasiamu kupanda ghafla kwa dawa hii. Jadilini mbadala kabla ya kuingia chumbani, si mkiwa ndani.

5. Mpe oksijeni kwa ambu (mfuko wa kusukumia pumzi), pumzi za haraka na za kina kwa nusu dakika au zaidi. Kaboni dioksidi ikishuka, kizingiti hushuka nayo. Hesabuni pumzi hizo, maana mkizibadilisha kila kikao mtakuwa mnapima ambu, hampimi ubongo.

6. Safisha ngozi, paka jeli, bana elektrodi, kisha pima ukinzani. Kwenye Thymatron uwe chini ya omu 3,000. Ukiwa juu, tatizo karibu kila mara ni mafuta, jeli kidogo au elektrodi isiyoshika. Usiupuuze ukapitisha umeme hivyohivyo; ngozi inaungua.

7. Kinga ya meno. Misuli ya taya hubana kwa nguvu umeme unapopita, hata kama mwili wote umelegea, kwa sababu umeme unaigusa moja kwa moja. Muuguzi ashike kidevu hadi kinga ikae, aachie kabla ya umeme. Mgeni chumbani hudhani ule mbano ni degedege. Sio.

8. Tangaza kwa sauti, hakikisha hakuna anayemgusa mgonjwa wala kitanda, bonyeza kitufe na ukishikilie mpaka mashine yenyewe ikome. Kidole kikiachia mapema, umeme hukatika nusu njia, nanyi mtaandika kwamba 50 mC imeshindwa kumbe imepita 30.

Kwa ngazi za kupandia, mimi hutumia hizi: 25, 50, 100, 200, 400 mC. Mwanamke, elektrodi za kulia, anza 25. Mwanaume, au mwanamke kwa panja zote mbili, anza 50. Mwanaume kwa panja zote mbili, hasa akiwa mzee au yuko kwenye dawa za kifafa, unaweza kuanzia 100. Kwa pigo fupi sana, anza chini zaidi.

Umeme umepita, hakuna kilichotokea. Usibonyeze tena mara moja. Kuna degedege linalochelewa, kwa hiyo subiri sekunde 20 kamili ukitazama mguu na mchoro wa ubongo (EEG). Ukiwa unasubiri, kagua: ukinzani ulikuwaje wakati umeme unapita? Elektrodi imeteleza? Kitufe kilishikiliwa? Mtaalamu wa usingizi aendelee na ambu. Kisha panda ngazi moja. Likiwaka degedege fupi lililozimika baada ya sekunde chache, hapo ubongo unahitaji kupumzika zaidi: sekunde 60 hadi 90 kabla ya kurudia.

Usizidishe majaribio 4 kwa asubuhi moja. Na kati ya jaribio na jaribio, kila mtu chumbani ajiulize swali moja: je, bado amelala? Suksametoni inaweza kumshika mtu ambaye usingizi umeshamtoka, akawa anasikia kila neno na hawezi kuinua hata ukope. Mlimwahidi kwamba hatasikia. Ongeza dawa ya usingizi mapema kuliko unavyodhani, hata kama kizingiti kitapanda kidogo kwa ajili hiyo.

Kutoka kizingiti hadi dozi ya tiba

Tuseme mama wa miaka 45, elektrodi za kulia, pigo fupi. Kwa 25 mC kimya. Kwa 50 mC degedege linawaka, mguu unatikisika sekunde 36, mchoro wa ubongo sekunde 50. Kizingiti unakiandika 50. Kikao kinachofuata unampa mara 6: 300 mC, au asilimia 60 kwenye Thymatron.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Kizingiti chake halisi kiko mahali fulani kati ya 25 na 50. Huenda ni 28. Kwa ngazi zinazojirudufu, unapodhani umempa mara 6 unaweza kuwa umempa karibu mara 11. Kwa upande wa kulia hilo linavumilika, kwa sababu huko nafuu huendelea kupanda na dozi. Kwa panja zote mbili si hivyo: kule kuongeza dozi hakukuongeza nafuu katika utafiti wa 1993, waliopewa mara 2.5 walifika 63 katika kila 100, karibu sawa na wale wa dozi ndogo. Mgonjwa anaelekea kupona haraka zaidi, lakini akili hulipia. Ndiyo maana kwa panja zote mbili huanza na mara 1.5 ya kizingiti, nikiwa na nafasi ya kupanda hadi 2.5. Mama yuleyule, kama kizingiti chake cha panja zote mbili kingetoka 50, angeanza 75 mC. Paji la uso ninalichukulia vivyo hivyo. Pigo fupi sana la upande wa kulia: mara 6, na wengine hufika 8.

Usihamishe kizingiti kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine. Ukibadili elektrodi au upana wa pigo, pima upya.

Kwa upande wa kulia, kikao cha kwanza ni cha kupima. Usitegemee kikao hicho kitatibu, na waeleze ndugu hivyo ili wasikate tamaa keshokutwa.

Kulisoma degedege

Mguu uliofungwa ukitikisika sekunde 20 na mchoro ukaonyesha sekunde 25, umefikia kima cha chini. Lakini tazama zaidi ya saa. Degedege zuri huanza kwa mawimbi madogo ya haraka, likaingia mawimbi makubwa yaliyopangika pande zote mbili, kisha likakatika ghafla, na mchoro ukanyooka kama uzi. Mapigo ya moyo hupanda wazi wakati wake. Degedege lililofifia polepole bila mwisho unaoeleweka, moyo ukiwa haukushtuka, linanitia shaka hata likifika dakika.

Na kinyume chake: umeme ukiwa mbali juu ya kizingiti, degedege linaweza kuwa fupi kuliko lile la siku ya kupima, na likawa na nguvu zaidi. Nimeona madaktari wakipandisha dozi kwa sababu tu sekunde zimeshuka kutoka 50 hadi 32, mchoro ukiwa mzuri na mgonjwa ameanza kuomba chai. Acha kama ilivyo.

Likipita sekunde 120, dawa iwe mkononi. Likipita 180, kata kwa midazolamu au kwa nyongeza ya propofoli au thiopentoni, endelea na oksijeni, na usiamini mguu peke yake: mwili unaweza kutulia huku ubongo ukiendelea.

Akiamka, muulize jina, umri, mahali, siku na tarehe, ukiandika alichukua dakika ngapi kupata majibu. Kipimo hiki hakina gharama, na anayechelewa sana kurudi katika fahamu zake baada ya kila kikao ndiye anayeelekea kupoteza kumbukumbu zaidi.

Vikao vinavyofuata

Kizingiti hupanda kozi inapoendelea, kwa wengine kidogo, kwa wengine hadi maradufu. Kwa hiyo dozi ya wiki ya kwanza si lazima iwe dozi ya wiki ya tatu. Ongeza robo hadi nusu ya dozi ukiona mchoro umeharibika, degedege limeshuka chini ya kima, au nafuu iliyoanza imekwama. Kabla ya kuongeza, tafuta kwanza kilichobadilika: wodi ilirudisha diazepamu usiku? Dawa ya usingizi imebadilishwa kwa sababu ile ya kawaida imeisha?

Nafuu ipimeni kwa namba kila wiki. PHQ-9, orodha ya maswali 9 ya kupima sonona, ipo kwa Kiswahili na muuguzi yeyote anaweza kuisoma pamoja na mgonjwa. Baada ya vikao 6 vya upande wa kulia bila mabadiliko, ama pandisha dozi, ama hamia panja zote mbili. Kusahau kukizidi, fanya kinyume: rudi upande wa kulia, punguza upana wa pigo, au toka vikao 3 kwa wiki hadi 2. Kozi nyingi huwa kati ya vikao 6 na 12. Mimi huacha mgonjwa anapokuwa amepona na vikao viwili vya mwisho havikuongeza kitu.

Kizingiti kikipita uwezo wa mashine

Mwanaume wa miaka 70, upande wa kulia, kizingiti 100 mC. Mara 6 ni 600, na mashine yenu inaishia 504. Usiandike "amepewa dozi ya juu" ukaridhika. Amepewa mara 5, na kikipanda zaidi atakuwa amebaki na mara 3. Rudi nyuma: ondoa kinachoweza kuondolewa kwenye dawa zake, badilisha propofoli kwa etomideti au ketamini, boresha zile pumzi za ambu. Pigo fupi sana mara nyingi hufungua nafasi kubwa, kwa kuwa kizingiti chake ni cha chini. Hayo yakishindikana, panja zote mbili hudai mara 1.5 tu, na hiyo mashine inaimudu.

Pale ambapo kupima kunasubiri

Wapo ambao asubuhi ya kupima ni anasa wasiyoweza kuilipia: moyo usioweza kuhimili kusimama mara tatu, katatonia ya siku za mwisho. Kwao dozi hukadiriwa kwa umri. Watafiti Petrides na Fink mwaka 1996 walipendekeza asilimia ya mashine iliyo sawa na nusu ya umri kwa panja zote mbili: mwenye miaka 60 anapewa asilimia 30, kama 151 mC. Kwa upande wa kulia wengi hutumia umri mzima, asilimia 60. Njia hii huwaacha baadhi ya wagonjwa wakipewa umeme kupita haja yao na wengine wakipewa pungufu, kwa hiyo mgonjwa akivuka hatari, mpime kama wengine.

Kwenye faili, kila kikao kiwe na mstari wake: mahali pa elektrodi, upana wa pigo, mC, ukinzani, dawa ya usingizi na kiasi chake, sekunde za mguu, sekunde za mchoro, dakika za kurudi katika fahamu. Akija kurudiwa na ugonjwa baada ya mwaka, mstari huo utakuambia ni elektrodi zipi zilimsaidia na zipi zilimsahaulisha. Namba ya mC yenyewe usiibebe. Kizingiti kilichopanda wakati wa kozi kinaweza kuwa kimeshuka tena, na dozi aliyomalizia mwaka jana inaweza kuwa nyingi mno leo. Anza naye upya kwa ngazi zilezile, mkanda mguuni na atropini mshipani.